Maskini wa Kijijini Naye Aliandikwa: Kufuatilia Nasaba ya Mwingereza wa Shambani

Hii ni hotuba kamili, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, mabibi na mabwana, ndugu zangu, vijana: hamjambo? Ahsanteni kwa kuja, na ahsanteni zaidi ninyi mliokuja na vyeti vya babu zenu kwenye bahasha. Jioni ya leo vyeti hivyo vitatumika.

Ndani ya ukumbi huu wapo watu wa aina mbili. Wapo waliooa au kuolewa katika familia za Kiingereza, na sasa watoto wanauliza habari za upande wa pili wa ukoo. Wapo pia wale ambao baba wa babu yao alikuja Afrika Mashariki akiwa askari, mmisionari, fundi wa reli au mlowezi, akaacha jina na damu, na zaidi ya hapo hakuna linalojulikana. Swali lenu ni moja: yule mzee alitoka wapi? Na wengi wenu mmeshajibiwa jibu la kukatisha tamaa. Mmeambiwa kwamba mtu yule alikuwa wa kijijini, mtu wa jembe na zizi, mtu wa chini, na watu wa chini hawapatikani. Wanaopatikana ni malodi.

Si kweli. Narudia: si kweli.

Lodi anapatikana kwa sababu alikuwa na ardhi. Maskini anapatikana kwa sababu parokia yake ilibanwa na sheria kumlisha, na anayelisha hutaka kujua analisha nani, kwa sababu gani, na mpaka lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha za maskini wa Kiingereza zilikuwa kodi iliyotozwa kwa wenye mashamba wa parokia hiyo hiyo, na watu hao hawakukubali senti yao ipotee bila habari. Kwa hiyo daftari lilikuwepo. Kila karatasi tutakayoitaja leo iliandikwa na mtu mwenye haja yake: kasisi, mtoza kodi, hakimu, karani wa sensa. Ukiijua haja yake, utajua pa kuamini na pa kutilia shaka.

Mfikirieni Kapteni James Cook, baharia aliyechora ramani za Bahari ya Pasifiki. Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1728 katika kijiji cha Marton, Yorkshire. Wiki moja baadaye, tarehe 3 Novemba, alibatizwa katika kanisa la St Cuthbert, na daftari likaandika mstari mmoja: James, mwana wa James Cook, kibarua wa siku. Basi, hakuna zaidi. Tazameni kilichomo na kisichomo. Jina la mtoto limo, jina la baba limo, kazi ya baba imo. Mama, aliyeitwa Grace, hayumo. Siku ya kuzaliwa haimo. Kwamba baba alikuwa ametoka Ednam, ng'ambo ya mpaka upande wa Scotland, halimo. Kasisi alitaka kujua nani amebatizwa, siyo ukoo umetoka wapi. Babu yenu naye ana mstari kama huo mahali fulani, mwembamba vivyo hivyo, na kazi yetu ni kuuzungushia karatasi nyingine mpaka unene.

Jambo la kwanza: mnarudi nyuma, hamwendi mbele.

Mtu anaitwa Turner. Anasoma kwamba palikuwa na Turner fulani tajiri mwaka 1620, anaanza kushuka naye kuelekea kwake. Atafika, ndiyo, lakini atafika kwa mtu asiye wake, kwa sababu katika kila kizazi wapo akina Turner kumi na anachagua anayemfurahisha. Anzeni na mtu mnayemjua kwa ushahidi, mthibitisheni baba na mama yake, kisha ndipo mpande ngazi inayofuata. Msipande ngazi ya pili kabla ya ile ya kwanza kushika.

Cheti cha kwanza kukitafuta ni cha ndoa. Kwa nini si cha kuzaliwa? Kwa sababu cheti cha ndoa cha Uingereza, tangu mwaka 1837, kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Majina ya akina mama yaliingizwa tarehe 4 Mei 2021 tu, fikirieni. Kama mzee wenu alifunga ndoa Mombasa, Nairobi, Zanzibar au Dar es Salaam, anzeni na daftari la huko huko, la kanisa au la serikali, mtazame kama safu ya jina la baba ilijazwa. Mkipata jina la baba na kazi ya baba, mmeshavuka bahari.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837. Ofisi Kuu ya Usajili, ambayo wengi huiita GRO, ina faharasa ya vizazi na vifo mtandaoni. Mnafungua akaunti bila malipo na kutafuta. Faharasa hiyo inaonyesha jina la ukoo la mama kabla hajaolewa tangu mwaka 1837, wakati zile faharasa za zamani zilizochapishwa zilianza kulionyesha katika robo ya tatu ya mwaka 1911. Hilo peke yake limewaokoa watu wengi: andika jina la ukoo la baba, andika la mama, na ndugu wote wa familia wanajipanga mbele yako, pamoja na wale waliokufa wachanga ambao hakuna aliyewahi kuwataja. Ukishampata unayemtaka, agiza picha ya dijitali ya ingizo lenyewe pale inapopatikana. Ni nafuu sana kuliko cheti cha karatasi, na maandishi ni yale yale.

Mitego ipo. Faharasa imepangwa kwa robo za mwaka, na robo hiyo ni ya siku ya kusajili, siyo ya kuzaliwa. Wazazi walipewa siku 42 za kusajili, kwa hiyo mtoto wa mwisho wa Novemba anaweza kukutwa katika robo ya Machi ya mwaka unaofuata. Mahali panapoandikwa ni wilaya ya usajili, nayo iliitwa kwa jina la mji wa soko. Kijiji chenu hakitaonekana hapo, na wilaya nyingine zilikatisha mipaka ya kaunti. Tena kabla ya mwaka 1875 sheria haikumbana mzazi sawasawa. Ilikuwa kazi ya msajili kuwatafuta watoto, na watoto wa vijiji vya mbali waliponyoka. Mkikosa kizazi cha mwaka 1845, msiseme mtu hakuwepo. Nendeni kwenye ubatizo.

Na simulizi za familia je? Msiziamini zote, msizitupe pia. Henry Morton Stanley, yule aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, kwa miaka mingi alijitangaza kuwa Mmarekani. Daftari la kanisa la St Hilary, Denbigh, lilikuwa na habari nyingine: alizaliwa mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, na mbele ya jina lake kasisi aliandika kwamba ni mwanaharamu. Alilelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, yaani nyumba ya umma walikowekwa wasiojiweza. Hiyo ni Wales, lakini sheria na madaftari ni yale yale. Mtu aliyevuka bahari alipata nafasi ya kujitunga upya, na wengi waliitumia. Kama mzee wenu alisema baba yake alikuwa mwenye shamba, na cheti cha ndoa kinasema kibarua, shikeni cheti. Kama cheti chenyewe kinamtaja baba ambaye hamumwoni popote pengine, kumbukeni kwamba bwana harusi aliyezaliwa nje ya ndoa aliona aibu kuacha safu wazi mbele ya wakwe, akataja jina la babu yake au akalibuni.

Sasa sensa. Sensa ilianza mwaka 1801, lakini majina ya watu wote yamehifadhiwa tangu ile ya tarehe 6 Juni 1841, kila baada ya miaka 10. Hufungwa kwa miaka 100, kwa hiyo ya mwisho iliyo wazi ni ya mwaka 1921. Ya 1931 iliungua kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita; pengo hilo huzibwa kiasi na orodha ya watu iliyoandikwa tarehe 29 Septemba 1939.

Sensa ya 1841 ina hila yake. Umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa 5: mtu wa miaka 44 anaandikwa 40. Uhusiano ndani ya nyumba haukuandikwa kabisa, kwa hiyo mwanamke wa miaka 35 chini ya mwanamume wa miaka 40 anaweza kuwa mke, dada au mtumishi. Na mahali pa kuzaliwa ni jibu la ndiyo au hapana: amezaliwa katika kaunti hii?

Lakini ile ya tarehe 30 Machi 1851! Hiyo ndiyo daraja lenu. Kwa mara ya kwanza karani aliagizwa kuandika parokia ya kuzaliwa ya kila mtu. Fikirieni maana yake. Bibi wa miaka 78 anayekaa kwa mwanawe mwaka 1851 alizaliwa karibu na mwaka 1773, na mbele ya jina lake limeandikwa jina la kijiji. Kwa mstari mmoja mmeruka kutoka enzi ya serikali hadi enzi ya kanisa. Kila mzee aliyeishi mpaka usiku ule ni hazina. Kwenye safu ya kazi mtakuta kifupisho Ag Lab kimejaa ukurasa mzima. Huyo ndiye kibarua wa shamba, ndiye mtu wenu. Msishangae mtu mmoja akitaja kijiji tofauti katika sensa tatu. Wakati mwingine alitaja alikokulia; wakati mwingine, akiwa karibu na uzee, alitaja parokia ambayo alitaka imtambue asije akahamishwa. Chukueni sensa zote alizokuwemo, siyo moja.

Jambo la pili: daftari la parokia.

Tarehe 5 Septemba 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1598 ikaamriwa ziandikwe kwenye ngozi badala ya karatasi, na nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Nakala hizo za askofu zikumbukeni sana. Daftari likiliwa na panya au likilowa maji, nakala inaweza kuwa salama mji mwingine. Na mara nyingine nakala ina neno ambalo daftari halina.

Ubora wa daftari unategemea mwaka, kwa hiyo jueni mwaka mliomo. Kati ya 1642 na 1660, vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Cromwell mwingine, Oliver, vilivuruga uandishi. Mapengo ni ya kawaida. Kati ya 1783 na 1794 kila ingizo lilitozwa kodi ya peni 3, na maskini akasamehewa. Ukiona herufi P pembeni ya jina katika miaka hiyo, maana yake ni maskini, na hiyo ni habari ya kuifuata kwenye hesabu za parokia. Tangu tarehe 25 Machi 1754 ndoa ililazimika kufungwa katika kanisa la parokia, kwa tangazo au leseni, na daftari kusainiwa na wanandoa na mashahidi. Wakwekeri na Wayahudi tu ndio walioachwa na taratibu zao. Tangu tarehe 1 Januari 1813 zikaja fomu zilizochapishwa.

Nataka mlitazame kwa karibu ukurasa mmoja wa fomu hizo za 1813. Una nafasi 8 za ubatizo, kila moja na namba yake. Safu ya kwanza ni tarehe ya ubatizo. Ya pili, jina la mtoto. Ya tatu, majina ya wazazi, ya kwao na ya ukoo. Ya nne, makazi. Ya tano, kazi ya baba. Ya sita, saini ya aliyebatiza. Safu ya makazi ndiyo watu huipuuza, na ndiyo yenye thamani kubwa: panapokuwa na akina William wawili wa ukoo mmoja, mmoja atakaa kijijini penyewe na mwingine kwenye kitongoji cha mbali, na hapo mnaweza kuwatenganisha watoto wao. Kabla ya 1813 msaada huo haupo, ndiyo maana kosa kubwa la kazi hii hutokea huko.

Kosa lenyewe ni hili. Unamtafuta William aliyezaliwa karibu na 1790. Unampata William amebatizwa mwaka 1790, parokia sahihi, jina la ukoo sahihi. Unafurahi, unamwandika. Je, umetazama maziko? Ukitazama utakuta William huyo alizikwa akiwa na wiki tatu. Waingereza wa vijijini walirudia jina la mtoto aliyekufa kwa mtoto aliyefuata bila kusita. Kwa hiyo kila ubatizo uthibitishwe kwa ukimya wa maziko: soma maziko ya miaka 10 iliyofuata, jina kwa jina, kabla hujamkubali. Kazi hii inachosha. Asiyeifanya atatumia miaka kuufuatilia ukoo wa watu wengine.

Tarehe nazo zina mtego. Mpaka mwaka 1751 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ubatizo wa Februari 1720 katika daftari ni Februari 1721 kwa hesabu yetu. Andikeni 1720/21 ili asije mtu akadhani mtoto alizaliwa kabla ya ndoa ya wazazi wake. Halafu mwaka 1752 Septemba iliruka kutoka tarehe 2 hadi tarehe 14. Siku 11 hazipo. Msizitafute.

Kwenye ndoa baada ya 1754 tazameni alama na mashahidi. Aliyeweka msalaba hakuweza kuandika, kwa hiyo tahajia ya jina lake ni sikio la karani. Jina lile lile litaandikwa namna tatu katika maisha ya mtu mmoja, na herufi H ya mwanzo huanguka na kurudi kulingana na matamshi ya kaunti. Mashahidi mara nyingi ni kaka au dada, na kaka huyo anaweza kuwafungulia parokia mpya. Ila mkiona shahidi mmoja yumo katika kila ndoa ya ukurasa, huyo ni karani wa kanisa. Hana undugu na mtu.

Jambo la tatu, na hapa ndipo tunapotaka mkae zaidi: sanduku la parokia.

Kila parokia ilikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli, na ndani yake zilikaa karatasi za maskini. Sheria ya mwaka 1662 ilisema kila mtu ana parokia moja inayowajibika naye akianguka. Haki hiyo ya makazi aliipata kwa kuzaliwa, au baadaye kwa kumaliza uanagenzi, au kwa kupanga mali ya pauni 10 kwa mwaka. Mwanamke alifuata haki ya mumewe. Kwa kijana wa shambani njia kubwa ilikuwa nyingine: kuajiriwa akiwa hajaoa na kutumika mwaka mzima kwa bwana mmoja.

Sasa, mwenye shamba alikuwa pia mlipa kodi ya maskini. Je, angependa kila kibarua wake apate haki ya kulishwa na parokia yake? Hakupenda. Wengi wakaajiri kwa wiki 51. Mwaka haukutimia, haki haikupatikana, na kijana akarudi kwenye mnada wa ajira akitafuta bwana mpya. Minada hiyo ilikuwa karibu na sikukuu ya Mikaeli mwishoni mwa Septemba, na huko kaskazini wakati wa Martino, Novemba. Ndiyo sababu babu yenu anaonekana kijiji hiki leo na kijiji kile mwakani, maili tano, maili saba. Hakuwa mzururaji. Sheria ilimsukuma.

Na sheria hiyo hiyo ikamwandika. Alipougua, au mkewe alipojifungua mtoto wa nne na uji ukapungua, walimpeleka mbele ya mahakimu wawili, akaapishwa, akasimulia maisha yake: alizaliwa wapi, ana umri gani, aliajiriwa na nani akiwa na miaka mingapi, kwa mshahara gani, alikaa muda gani, alimwoa nani na kanisa gani, watoto ni akina nani na wana miaka mingapi. Karatasi moja! Hakuna lodi aliyeandikiwa maisha yake namna hiyo na serikali. Ikiwa parokia haikuwajibika naye, ilifuata amri ya kuhamishwa, yenye majina ya familia nzima na parokia wanakopelekwa. Parokia ile ikipinga, kesi ilikwenda mahakama ya kaunti ya robo mwaka, na hapo kuna karatasi nyingine tena.

Hesabu za waangalizi wa maskini ndizo ndefu kuliko zote. Kodi ya nyumba, viatu, kuni, ada ya mkunga, sanda. Hazina faharasa mara nyingi. Zinasomwa ukurasa kwa ukurasa. Zisomeni.

Humo humo zimo habari za watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Mwanamke mjamzito asiye na mume aliapishwa amtaje baba wa mtoto, na mwanamume akatakiwa kuweka dhamana kwamba parokia haitabeba gharama. Daftari la ubatizo likinyamaza kuhusu baba, dhamana inaweza kusema. Lakini karatasi ikipotea kuna dalili nyingine, nayo tunaiona kwa mshairi John Clare, kibarua wa shamba aliyezaliwa Helpston tarehe 13 Julai 1793. Baba yake aliitwa Parker Clare. Parker? Hilo ni jina la ukoo, siyo la mtu. Parker alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa Alice Clare, binti wa karani wa parokia, na mwanamume aliyemzaa alikuwa mwalimu Mskoti aliyepita kijijini, John Donald Parker. Mama alilificha jina la ukoo la baba ndani ya jina la mtoto, na kulificha huko ndiko kulilinda. Kwa hiyo mkikuta babu mwenye jina la kwanza au la kati linalofanana na jina la ukoo wa watu wengine, simameni hapo. Tafuteni ukoo huo ndani ya parokia na parokia jirani, miaka mitano huku na miaka mitano huku. Si kila mara ni mtoto wa nje ya ndoa. Pengine ni jina la ukoo la bibi. Kwa vyovyote, jina hilo lina mwenyewe.

Helpston inatufundisha na jambo la mipaka. Clare alijulikana kama mshairi wa Northamptonshire. Leo Helpston imo Cambridgeshire, chini ya Peterborough. Mkitafuta kwa ramani ya leo peke yake mtagonga mlango wa kaunti isiyo yake. Kila parokia iulizieni maswali matatu: wakati ule ilikuwa kaunti gani, dayosisi gani, na tangu 1837 wilaya gani ya usajili. Mpaka wa kaunti ulisogezwa sana mwaka 1974.

Mambo ya parokia yalibadilika mwaka 1834. Parokia ziliunganishwa katika miungano, kila muungano na nyumba yake ya maskini, na ajira ya mwaka ikaacha kutoa haki ya makazi. Kutoka hapo tafuteni madaftari ya kuingia na kutoka ya nyumba hizo.

Jambo la nne: msimtafute mtu mmoja, tafuteni watu wake.

Mwaka 1834 vibarua sita wa kijiji cha Tolpuddle, Dorset, walihukumiwa miaka saba ya kupelekwa Australia. Ujira wao ulikuwa umeshushwa mpaka shilingi 7 kwa wiki na ulitishiwa kushuka tena. Waliunda chama na kula kiapo cha siri, na kiapo ndicho kilichowafunga. Majina yao yamesimuliwa kama majina sita. Someni kama watu wa nasaba: George Loveless na James Loveless ni ndugu. Thomas Standfield ni shemeji yao, amemwoa dada yao. John Standfield ni mwana wa Thomas, kwa hiyo George na James ni wajomba zake. James Brine baadaye alimwoa binti wa Standfield. Kati ya sita, watano ni familia moja! Waliposamehewa mwaka 1836 na kurudi, watano hao hao walihamia pamoja Kanada, karibu na London ya Ontario. Aliyebaki Tolpuddle ni James Hammett, na alifariki mwaka 1891 katika nyumba ya maskini ya Dorchester.

Anayemtafuta George peke yake, ukoo ungemwishia Dorset. Anayewatafuta watu wake angeupata Kanada. Fanyeni hivyo hivyo na mzee wenu. Aliyelala nyumbani kwake usiku wa sensa, jirani wa mlango wa pili, shahidi wa ndoa, aliyeripoti kifo chake kwa msajili: waandikeni wote. Ukoo ukiwashinda upande wa mzee, upandeni kwa dada yake, kwa sababu huenda cheti cha dada kinataja kijiji ambacho cha kwake kimekisahau.

Akina Loveless wanatukumbusha na jingine: walikuwa Wamethodisti, na George alikuwa mhubiri. Mtoto asipoonekana katika daftari la Anglikana, ulizeni kama wazazi walisali kwingine. Madaftari mengi ya makanisa hayo yalikabidhiwa serikalini kuanzia 1837 na yako Nyaraka za Taifa, Kew, katika mfululizo wa RG 4. Ndoa zao, hata hivyo, kati ya 1754 na 1837 zipo kwa Anglikana, kwa sababu ya sheria ile.

Maneno machache kwa wenye askari. Karibu asilimia 60 ya majalada ya askari wa kawaida wa Vita vya Kwanza yaliungua London katika mabomu ya mwaka 1940. Kama mzee wenu alifia Afrika Mashariki, tafuteni orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Makaburi ya Tanga, Taveta, Voi na Dar es Salaam yamo, na baadhi ya maingizo yanataja wazazi na kijiji chao.

Kuhusu gharama: tovuti za FamilySearch, FreeBMD, FreeREG na FreeCEN ni bure. Ancestry na Findmypast ni za kulipia, lakini maktaba nyingi za umma hapa Uingereza zinakuruhusu kuzitumia ukiwa ndani bila malipo. Faharasa yoyote ni kidokezo tu; fungua picha ya ukurasa wenyewe kila mara, kwa sababu aliyenukuu amekosea pengine, na pembeni mwa ukurasa kuna maneno ambayo hakuyanukuu. Karatasi za sanduku nyingi haziko mtandaoni. Ziko katika hifadhi ya nyaraka ya kaunti, Dorchester kwa Dorset, Chippenham kwa Wiltshire, Winchester kwa Hampshire. Ukiwaandikia, usiombe wakutafutie ukoo. Taja parokia, aina ya karatasi, miaka, na jina moja: mahojiano ya makazi, 1780 hadi 1800, jina fulani. Ombi la namna hiyo hujibiwa.

Vipimo vya vinasaba vinasaidia, vikienda pamoja na karatasi. Vinaweza kukuonyesha binamu wa ngazi ya tatu uliye naye Norfolk, lakini havitakwambia babu mliyeshirikiana aliitwa nani. Linganisheni miti ya ukoo na mtafute kijiji kinachojirudia.

Na mkifika mahali karatasi zinapokatika, andikeni hivyo: haijathibitishwa, imetafutwa hapa na hapa, miaka hii na hii. Ukurasa huo mtupu wenye maelezo una faida kwa mjukuu wenu kuliko jina la kubahatisha, kwa sababu kila mwaka nyaraka mpya zinaingizwa kwenye katalogi, naye ataanzia mlipoishia.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Wenye vyeti vya ndoa, njooni meza ya mbele kwanza. Wenye vya kuzaliwa, pangeni mstari upande wa dirisha. Tutatafuta jina la ukoo la mama kwenye faharasa papa hapa. Na wale mliokuja na jina tu bila karatasi, kaeni na mzee wenu wa familia wiki hii, mmwulize mambo matatu: alisali kanisa gani, alifunga ndoa mji gani, na nani alisimama naye siku hiyo.